Majina Kumi na Mawili ya Kanisa Letu

Jumamosi, 26 Novemba 1966

Mwirichia, stewadi wa kanisa, amekuja shuleni saa saba na barua ya Kasisi. Barua yenyewe imekaa wiki mbili njiani ikingoja msafara wa askari. Sakiti, yaani makanisa yetu ya eneo hili kwa pamoja, inataka kila kanisa liandike historia yake — lilianza lini, nani alilianzisha, waumini wa kwanza ni akina nani. Yetu isomwe Jumapili ya Agano, tarehe mosi Januari, tukitimiza miaka thelathini hapa Garissa. Kasisi atakuja mwenyewe akipata nafasi kwenye lori.

Nani aandike? Hata hakuuliza. "Wewe ni binti wa Mwinjilisti Yosia, Mama Rakeli. Historia unayo nyumbani."

Nyumbani nina madaftari arobaini na moja ya darasa la pili ya kusahihisha. Na kasha la bati la baba, ambalo sijalifungua tangu tumzike. Nimekubali. Kukataa kungetaka maneno mengi zaidi.

Jumatatu, 28 Novemba

Nimeanza. "Kanisa la Methodisti la Garissa lilianzishwa na Mwinjilisti Yosia Buya, Mpokomo kutoka Tana ya chini, Januari 1937." Sentensi moja. Nikaishia hapo.

Nakumbuka nini? Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nakumbuka miiba. Nakumbuka mabati manane yaliyoletwa kwa lori la mtu na moja likapeperuka. Nakumbuka zaidi punda wa Adeer Nunow. Kukandika udongo kunataka maji na mto ulikuwa mbali, na baba hakuwa na punda wala mtu. Nunow alikuwa jirani, mfanyabiashara wa ngamia. Baba alimwandikia barua zake za biashara, yeye akamletea baba maji. Kila Jumamosi, punda wanne. Mimi nikamwita adeer kama watoto wake walivyowaita baba zao wadogo, naye akaniita adeer vilevile. Wasomali huitana hivyo, jina linakwenda na kurudi.

Sijui kama haya ni historia. Stewadi atasema punda wasiingie.

Na je, niandike kwamba mume wangu Hiribae alipigwa risasi na shifta, waasi wa Kisomali, njia ya Garsen mwaka jana, akiendesha lori la unga? Naye alikuwa mwumini. Kuna siku nawachukia Wasomali wote, nakiri hapa kwa sababu hakuna asomaye. Halafu Khadijo, mke wa Nunow, ananitumia maziwa, na chuki inanishinda kuibeba.

Alhamisi, 1 Desemba

Nimefungua kasha. Mende, Biblia, miwani isiyo na mkono mmoja — na kitabu cha darasa cha mwaka 1937! Kila Mmethodisti ana darasa lake na kila darasa lina kitabu: majina upande wa kushoto, Jumamosi zote upande wa kulia, H kwa aliyehudhuria. Mwandiko wa baba, mdogo na umenyooka kama mishono.

Majina kumi na mawili. Nikasoma. Tisa ni Wapokomo, nawajua wote. La kumi: Nunow. La kumi na moja: Korane. La kumi na mbili: Alio.

Nilicheka peke yangu. Korane alikuwa mchinjaji, akahamia Habaswein zamani. Alio alikwisha kufa. Watatu hao hawakuingia kanisani hata siku moja, isipokuwa labda siku ya kupandisha mabati. Lakini Nunow ana H kila Jumamosi. Mwaka mzima! Nikafikiri, nikaelewa. Darasa lilikuwa Jumamosi alasiri. Maji yalikuja Jumamosi alasiri. Alihudhuria kweli — na punda wake.

Katikati ya kurasa kuna barua ya sakiti imekunjwa mara nne. Inasema kituo kisichofikisha waumini kumi na wawili katika robo ya pili kitafungwa na mwinjilisti wake atarudishwa kwao.

Baba alikuwa na tisa. Alijazia. Sikucheka tena.

Jumapili, 4 Desemba

Nimefanya kosa. Kitabu nilikitia kwenye mkoba pamoja na karatasi za shule ya Jumapili, nikauacha mkoba mezani, nikaenda kuwapanga watoto. Niliporudi stewadi alikuwa amekifungua.

"Wasomali watatu! Mwaka wa kwanza! Mama Rakeli, ulikuwa unaficha nini?"

Nikamweleza. Maji, punda, Jumamosi, tisa na kumi na mbili. Akanisikiliza mdomo ukiwa wazi kidogo. Akaniuliza kama namaanisha kwamba Mwinjilisti Yosia Buya, aliyezikwa na makasisi wanne, aliidanganya sakiti.

Nikakirudisha kitabu mkobani. Lingekuwa la mtu mwingine ningesema ndiyo. Ni baba.

Basi stewadi ameandika barua kwa Kasisi, itaondoka na msafara wa kesho. Ameniagiza majina ya Wasomali niyaweke juu kabisa.

Ijumaa, 9 Desemba

Khadijo amenijia shuleni, amesimama nje ya ua. Nikamwita, eedo, shangazi, ingia. Hakutaka. Shuka limefunika nusu ya uso.

Nunow ameshikwa.

Tangu Julai serikali imewaweka kwenye kijiji cha seng'enge, wao na kila Msomali wa vichaka vya karibu. Mifugo hutoka asubuhi kwa kipande cha ruhusa cha karani na kurudi kabla ya kafyu. Jumatano ngamia mmoja jike hakurudi. Jana karani alichelewa, na mzee hakumngoja. Wamemkuta maili tatu nje ya ua, hana kipande, ana tende na sukari ndani ya kitambaa.

"Wanasema anabelekea shifta chakula," Khadijo akaniambia. "Yule mzee hana meno, Rakeli. Tende anaramba siku nzima. Ni chakula yake."

Atapakiwa lori na wengine, kwenda kambi ya mbali. Wapi, hakuna anayesema. Waliopakiwa Septemba hawajaleta hata salamu. Nunow anakaribia miaka sabini, na kifua chake ni kibovu. Hahitaji kupigwa risasi, safari peke yake itatosha.

Khadijo hakunipa nafasi ya kumfariji. "Bolisi wanakusikia. Wewe mwalimu. Wewe mjane wao."

Mjane wao. Lilinichoma, kwa kuwa ni kweli. Nimemwahidi nitakwenda.

Jumatatu, 12 Desemba

Sikukuu ya Jamhuri. Gwaride, bendera, watoto wangu wameimba vizuri kuliko nilivyotarajia. Baada ya gwaride nikamfuata Inspekta. Ni mtu wa bara, kijana bado, huja kanisani mara mojamoja na kukaa benchi la nyuma na bastola yake. Si mkali. Amechoka, na mimi namwogopa mtu aliyechoka kuliko mkali.

Kabla sijafungua mdomo alikwisha kujua. Stewadi amemwambia.

"Mama, nimesikia mzee huyu yumo kwenye kitabu chenu. Ni kweli?"

"Jina lake limo."

Hilo ndilo nililojibu. Si uongo. Mungu anaujua ujanja wangu.

Akasema basi, Jumapili ya Agano atakuja asikie mwenyewe. Jina likisomwa mbele ya watu na Kasisi akiwepo, Jumatatu yake, lori likiondoka, Nunow hapandi. Mwumini wa kanisa wa miaka thelathini hawezi kuwa shifta, hata wakubwa wake watalikubali hilo kwa maandishi. Lakini kama ni mzee wa kawaida aliyekutwa nje bila kipande, hana la kufanya. "Wanataka watu ishirini, Mama. Nikiandika kumi na tisa wataniuliza wa ishirini yuko wapi."

Kwa hiyo ni rahisi. Nisome tu kilichoandikwa, kwa mwandiko wa baba, na Nunow atarudi kwake. Nimekuja nyumbani karibu nikimbie. Nimekaa. Furaha haikukaa.

Alhamisi, 15 Desemba

Inspekta ameniruhusu kumwona. Robo saa, yeye ndani ya waya, mimi nje, askari kati yetu akila muwa.

Nikampelekea chupa ya maziwa. Kumbe Ramadhani imeingia! Midomo yake imekauka na kupasuka, na mimi nimeshika maziwa mbele yake kama mjinga. Niliona haya, nikaificha chupa nyuma. Akacheka kwa kikohozi.

"Ma nabad baa, adeer?" akaniuliza. Nikasema ni amani. Ni amani gani, lakini ndivyo inavyojibiwa.

Nikamwambia habari ya kitabu. Kwa sauti ya chini, kwa kuona aibu, nikidhani namfunulia siri ya baba. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema anajua.

"Babako alikuja kwangu mwaka ile ile, uso chini. Akasema, Nunow, nimeandika jina yako kwa kitabu bila kukuuliza, usiku silali, nitafuta. Nikamuuliza, ukifuta utaenda wabi? Akasema, narudi kwetu. Nikamwambia, acha."

Akaeleza. Kwao jirani akikosa maziwa, mwenye ngamia humpa ngamia anayekamwa. Huitwa irmaansi. Aliyepewa anakamua, watoto wake wanakunywa, lakini ngamia habadiliki kuwa wake. Mwenyewe akimtaka anasema, naye anarudishiwa, hapana ugomvi.

"Nikamwambia, jina nimekuazima hivyo. Korane na Alio nao walikubali. Kamueni. Siku nikitaka, nitasema." Akashika waya. "Sasa nataka, adeer. Rudisha jina yangu."

Nikamwambia nikilirudisha watampakia lori. Nikamwambia kuhusu Inspekta, na ishirini, na Jumatatu. Nilikuwa karibu kumgombeza, mtu mzima kama yule.

"Lori inaenda mahali. Mtu akifika mahali anaswali. Lakini nikitoka hapa kwa jina ya Kristo, nitaswali na nani? Khadijo atazikwa na nani?"

Askari akatupa maganda na kusema muda umekwisha. Nunow akaniita tena nikiwa nimegeuka. Akasema nisimwite baba mwongo. Mwongo ni mtu anayeficha, na Yosia alimwambia.

Nikiwa naondoka nikamsikia askari akimwambia mwenzake kwa kicheko, Mkristo gani huyu anafunga Ramadhani? Maziwa nimemwachia yeye, ili asiseme zaidi. Sijui kama yatatosha.

Jumamosi, 17 Desemba

Nimempa Khadijo maneno ya mumewe. Afadhali ningenyamaza.

"Huyo mzee kichwa ngumu," akasema. "Yeye anataka jina. Mimi nataka mtu. Soma, Rakeli! Atoke kwanza. Mungu anajua moyo yake, na watu watasahau."

Watasahau? Mwezi uliopita kule Ijara mzee mmoja alisemwa kuwa mtu wa serikali. Walimkuta kisimani, amekufa. Khadijo anajua kuliko mimi. Ila anakohoa yule mzee, anakohoa, na mke wake anakisikia kikohozi hata asipokuwepo.

Kweli naomba mtu mwingine aandike historia hii.

Jumatano, 21 Desemba

Nimeandika historia mara mbili. Moja yenye majina kumi na mawili, safi, inasomeka vizuri sana. Ya pili, yenye tisa, nimeichana.

Jumapili, 25 Desemba

Krismasi. Wali, nyama ya mbuzi, watoto wameigiza hori na mchungaji mmoja akalia. Sikusikia hata neno la mahubiri.

Khadijo alikuja jioni kabla ya kafyu, akanihadithia kwa sauti kavu. Stewadi amelisema dukani kwa Ahmednoor. Alisema kwa kujisifu, si kwa ubaya: Nunow ni wetu tangu mwaka thelathini na saba. Ahmednoor ndiye mwenye duka pekee kijijini, na imamu hukaa barazani pake. Asubuhi, kwenye foleni ya maji, wanawake walisogeza madebe yao mbali na debe la Khadijo. Hakuna aliyemtukana. Walisogeza tu. Aliporudi nyumbani akakuta mtu amechora msalaba wa makaa kwenye mkeka wa ukuta wake.

"Nimeufuta kwa mchanga," akasema. "Bado unaonekana."

Nikamuuliza sasa anataka nifanye nini. Akasema hajui tena.

Na mimi nimeona. Nilidhani ninaweza kusoma au kunyamaza. Kunyamaza hakupo. Nikinyamaza Nunow anakwenda na lori, na huku nyuma anabaki akiitwa Mkristo. Atapoteza pande zote mbili. Nimekasirika leo — na stewadi, na shifta, na seng'enge, na baba. Na baba zaidi. Tisa wangekuwa na ubaya gani? Tungerudi mtoni, tukalima mpunga, Hiribae angekuwa hai.

Nimesoma tena hilo la mwisho. Sitalifuta.

Jumamosi, 31 Desemba

Msafara umefika saa nane, Kasisi Komora amekaa juu ya magunia, mweupe kwa vumbi mpaka nyusi. Nilimpa maji, nikamwacha anywe, nikamweleza yote. Sikubakiza. Hata irmaansi nilimweleza.

Aliupangusa uso kwanza. Akasema kiwanja cha kanisa tulipewa kwa hesabu ile ya kumi na wawili. Mwinjilisti aliendelea kulipwa kwa hesabu ile. Kumi na wawili ndio msingi, na mimi nataka kuchimba chini ya msingi siku ya sherehe. Kisha, nikidhani atanikataza kwa ajili ya kanisa, akasema jambo nisilolitarajia.

"Soma litakalomtoa mzee kifungoni. Mengine mwachie Mungu."

Mzee wa watu, mwenye huruma. Na karibu nimkubalie. Ningesoma uongo ule kwa sauti kubwa na kulala vizuri, kama mtu angeniahidi kwamba Nunow atafunguliwa na kurudi kwa watu wake. Hakuna wa kuniahidi. Kinachoweza kurudi hakika, mkononi mwangu, ni jina.

Nimekwenda kanisani peke yangu. Nimefungua kitabu. Mtu akifa baba aliandika pembeni "amelala". Akihama, "ameondoka". Nikatafuta neno, na hayo yote mawili hayafai. Kando ya Nunow nimeandika: Jina liliazimwa 1937. Limerudishwa kwa mwenyewe, 31 Desemba 1966. Nikaandika hivyohivyo kwa Korane na Alio, mmoja yuko mbali na mwingine chini ya ardhi, lakini lao ni lao. Nikatia sahihi.

Wino wangu mweusi, wake umefifia. Yeyote ataona.

Jumapili, 1 Januari 1967

Naandika mchana, mikono bado baridi, na ni Januari ya Garissa!

Kanisa lilijaa. Inspekta benchi la mbele leo, kofia kwenye goti. Ukutani pale kwenye dirisha, nje, alisimama Ahmednoor mwenye duka na wazee wawili wa kijijini. Walikuja na kipande halali, kuja kusikia. Khadijo alikaa juu ya jiwe karibu na mlango, debe lake miguuni, amegeuza uso upande wa barabara.

Siku ya Agano watu husimama wakamwahidi Mungu kwamba wako tayari kwa lolote, kupewa au kunyang'anywa. Niliahidi pamoja nao. Kisha Kasisi akaniita.

Nikasoma Januari 1937. Nikasoma mabati manane. Nikaingiza punda! Nikasoma majina tisa, taratibu, na kila mtu aliyekuwa na babu yake pale akaitikia kwa kichwa. Nikafika la kumi. Niliweka karatasi chini, kwa kuwa zaidi ya hapo sikuwa nimeandika.

Nikawaambia. Kwamba walikuwa tisa. Kwamba sakiti ilitaka kumi na wawili. Kwamba Waislamu watatu walimwazima Yosia Buya majina yao asifukuzwe, kama mtu anavyomwazima jirani ngamia wa maziwa, na baba akakiri kwao uso kwa uso. Kwamba hawakuwa Wakristo siku moja, wala hawajawa. Kwamba Nunow amelitaka jina lake, na jana nimelirudisha. Nikainua kitabu wakione.

Stewadi akasimama. Namhurumia, kwa sababu anaipenda historia hii kuliko sisi wote. "Mama Rakeli. Mume wako aliuawa na hao. Nunow tungemkubali akiwa ndugu yetu katika Kristo. Wewe unataka tumtetee akiwa hivyo alivyo?"

"Ndiyo," nikasema. "Hivyo alivyo."

Inspekta akaomba kitabu. Akasoma pembeni, kidole chini ya wino wangu. Akaniuliza mbele ya watu: kwa hiyo mzee huyu si mwumini wenu?

"Si mwumini wetu. Ila bila yeye na wenzake pasingekuwa na kanisa la wewe kukaa leo."

Akafunga kitabu. Akasema atakaa nacho mpaka kesho, akatoka kabla ya wimbo wa mwisho.

Nje Ahmednoor alikuwa bado dirishani. Hakunitazama mimi, alimtazama Khadijo. Akasema, "Waan maqlay." Nimesikia. Basi, hilo tu. Kisha mmoja wa wale wazee akainama akaliokota debe la Khadijo, akalibeba mwenyewe, wakaondoka wote wanne.

Jina limerudi. Limebaki lori.

Jumatatu, 2 Januari

Saa moja asubuhi. Naandika nimesimama, daftari juu ya nguzo ya ua. Khadijo ameshika gauni langu kiunoni kama mtoto.

Lori limewashwa. Karani anaita majina, anayeitwa anatoka kwenye mstari, anapanda.

Nunow hayupo kwenye mstari! Wamemsimamisha kando, karibu na mlingoti wa bendera, peke yake, hana pingu. Inspekta amesimama naye. Kitabu cha baba kiko kwapani mwa Inspekta. Wameongea kidogo, nimeona mzee akiitikia. Khadijo anasema Alhamdulillahi, bila sauti, mara nyingi.

Kumi na sita. Kumi na saba.

Kasisi amekuja, amesimama nyuma yetu. Stewadi pia. Hajanisalimu, lakini amekuja.

Kumi na nane. Kijana mmoja wa Eldas, anamtafuta mtu kwa macho na hamwoni. Kumi na tisa.

Karani amekunja karatasi. Dereva ametia gia.

Hapana, karani anaikunjua tena. Anakwenda kwa Inspekta. Wanazungumza. Nasikia neno moja tu kwa sababu analirudia: ishirini. Ishirini, bwana, wameandika ishirini.

Inspekta anatazama lori. Anatazama kitabu cha baba kama vile kimemwuliza kitu. Namjua mtu wa namna hiyo, nimelelewa naye. Si mwovu. Amepewa hesabu na haijatimia.

Nimemwita Inspekta kwa jina. Hakugeuka. Nunow amegeuka, amenitazama, ameinua kiganja kidogo tu, kama Jumamosi alipokuwa anamaliza kushusha maji.

Karani anahesabu upya kwa kidole, kichwa kwa kichwa. Kumi na tisa.

Inspekta anatafuta kalamu mfukoni.